TAA ZA PAMBO KWA NTA NA MAKOPO
Somo la kazi za mikono kwa walimu, wazee wa vijiji na watu wa nyumbani

Wengi hudhani ya kuwa taa ya pambo ni kitu cha madukani, nacho ni cha watu wenye fedha nyingi. Wakati wa arusi au sikukuu mtu huingia deni ili ua wake ung'ae usiku mmoja tu. Leo twapenda kuonyesha ya kuwa katika nchi yetu hii ya Tabora, tena hapa Ziba, vitu vya kufanyia taa nzuri tumevizungukwa navyo: nta ya nyuki, pamba ya mashambani, makopo matupu na vibuyu. Kinachotakiwa ni mikono iliyo na subira na akili iliyo macho.

Lakini kabla ya kufundisha hatuna budi kukiri kosa letu wenyewe, maana ndilo lililotufanya tushike kalamu.

KOSA LETU

Kiangazi kimoja jirani yetu alimwoza binti yake. Kwa kuwa sisi twahesabiwa kuwa watu waliosoma, tulipewa kazi ya kupamba ua. Tulikata karatasi za rangi tukazigandisha kwa uji wa unga, tukafanya vifuko vyenye nyota na miezi, na ndani ya kila kifuko tukasimamisha kipande cha mshumaa. Tukavitundika upenuni, chini ya paa la nyasi. Kwa kweli vilipendeza. Mama mwenye nyumba alitutazama kwa muda, kisha akasema kwa upole, "Mwanangu karani, karatasi na nyasi na moto, je, vitu hivi vitapatana?" Tukacheka, tukamjibu, "Usiogope, mama, tumepima."

Hatukupima kitu. Mnamo saa tatu ya usiku upepo ulivuma kutoka mbugani, kifuko kimoja kikapinduka, na kabla ya ngoma kunyamaza paa lilikuwa limekwisha shika moto. Twashukuru ya kuwa hakuna mtu aliyekufa. Lakini kando ya nyumba ile palikuwa na kihenge cha mahindi, chakula cha mwaka mzima cha watu tisa, nacho kiliteketea mpaka chini. Asubuhi tulikwenda kuomba radhi. Mzee hakutugombeza. Alisema maneno haya tu: "Mwanangu, mwanga uliuona, moto hukuuona."

Tulilipa gunia moja moja katika mshahara wetu mpaka mavuno mengine. Deni la mahindi limekwisha, ila deni la maneno yale bado. Basi somo hili ni malipo yake. Kila mahali tutakapoeleza namna ya kupata mwanga, tutaeleza pia mahali ulipo moto.

NTA YETU NA SAFARI YAKE

Nchi ya Unyamwezi imejulikana tangu zamani kwa asali na nta. Katika misitu ya miyombo na mitundu watu hutundika mizinga ya magome na ya magogo, na nyuki huja wenyewe. Siku za misafara, Tabora ilikuwa njia panda ya barabara kuu itokayo Bagamoyo kwenda Ujiji, na wapagazi wa Kinyamwezi walijulikana kote kwa nguvu zao. Kutoka pwani walibeba nguo, nyaya na ushanga. Kutoka bara walibeba pembe za ndovu. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, mizigo mingine ilipata njia nyepesi, na nta ikawa miongoni mwa mali iliyosafirishwa mpaka Dar es Salaam na kupelekwa ng'ambo. Huko hufanyiwa mishumaa, dawa za kupaka na dawa za kung'arisha mbao.

Hata leo wako warina asali ambao wakisha kukamua asali hutupa masega kichakani. Watu hao hutupa mali. Nta si takataka ya nyuki. Nyuki kibarua huitoa katika tezi zilizo chini ya tumbo lake, nayo humgharimu asali nyingi aliyokula. Mtu anayetaka kujifunza zaidi habari za nyuki na nta ana bahati, kwa maana Tabora mjini kipo chuo cha serikali cha mafunzo ya ufugaji nyuki.

FUNGU LA KWANZA: KUSAFISHA NTA

Vunja masega, yaloweke katika maji usiku mmoja, kisha yakamue ili asali yote itoke. Usipoiondoa asali vema, nyuki watakuja kwa harufu, nawe utaiacha kazi na kukimbia. Tia masega katika mfuko wa kitambaa chepesi au kipande cha gunia safi, ufunge mdomo wake. Weka mfuko ndani ya sufuria, uukandamize kwa jiwe lililooshwa, umimine maji mpaka yaufunike. Maji ya mvua ni bora kuliko maji ya kisima chenye chumvi au chokaa, ambayo huichafua nta.

Washa moto mdogo. Nta huyeyuka katika joto la digrii 62 hadi 64 hivi za Selsiasi, yaani mbali kabla ya maji kuchemka. Basi hakuna haja ya kuyatokosa maji. Nta ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo itapenya kitambaani na kuelea juu, na taka zitabaki mfukoni. Ubonyeze mfuko kwa kijiti mpaka usione tena nta ikitoka. Kisha epua, funika, acha ipoe polepole mpaka kesho yake. Utakuta mkate wa manjano umeelea. Uugeuze, uukwangue uchafu ulio chini yake.

Chombo kiwe cha alumini, au cha bati lililopakwa kauri lisilobanduka. Chombo cha chuma kitupu au cha shaba huitia nta weusi au kijani.

Angalia mahali ulipo moto: usiyeyushe nta kamwe katika sufuria iliyo juu ya moto moja kwa moja bila maji. Nta yenye joto mno hutoa mvuke unaoshika moto. Ukitaka kuyeyusha nta iliyokwisha safishwa, iweke katika kopo, na kopo lisimame ndani ya sufuria ya maji. Hapa petu, katika uwanda ulio juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,000, maji huchemka kabla kidogo ya kufika digrii 100. Kwa hiyo maji yenyewe huwa mlinzi, wala nta haiwezi kupata joto kupita yale maji, maadamu hujayaacha yakauke. Na ikiwa nta imeshika moto, usimwagie maji hata kidogo. Maji huzama chini yake, hugeuka mvuke ghafula, huurusha moto juu ya nyuso za watu. Funika kwa kifuniko, au mwagia mchanga mkavu.

FUNGU LA PILI: UTAMBI NA MSHUMAA

Utambi hufanywa kwa uzi wa pamba tupu. Katika wilaya yetu ya Igunga pamba hulimwa, na bibi zetu wajua kuisokota. Uzi wa nailoni haufai kabisa, maana huyeyuka na kudondosha moto. Chukua nyuzi tatu, uzisuke kama nywele. Utambi uliosukwa hupinda kidogo unapowaka, ncha yake ikatoka nje ya mwali na kuungua yenyewe, na kwa sababu hiyo hauhitaji kukatwa kila saa. Mshumaa wa nta ya nyuki hutaka utambi mnene kuliko ule wa mshumaa wa dukani wa unene uo huo, kwa sababu nta yetu huyeyuka kwa shida zaidi.

Chovya utambi katika nta iliyoyeyuka, uunyoshe, uache ukauke. Kisha uchovye tena kwa haraka, utoe, ungoje kidogo mpaka upoe, uchovye tena. Ukiuacha ndani kwa muda, nta ya kwanza itayeyuka na kazi itarudi nyuma. Baada ya kuchovya mara 20 au 30 utapata mshumaa wa unene wa kidole gumba. Hapo ndipo watoto hujifunza subira, maana kila mara huongezeka kwa kiasi cha ngozi ya kitunguu tu.

Walimu wanaweza kutumia kazi hii kwa hesabu. Mshumaa wa urefu wa sentimita 20 na upana wa sentimita 2 una ujazo wa sentimita za ujazo 63 hivi. Sentimita moja ya ujazo ya nta ina uzito wa gramu 0.96. Basi mshumaa mmoja ni gramu 60, na kilo moja ya nta hutoa mishumaa 16. Kila mmoja na aulize bei ya kilo ya nta kwa warina asali wa kwake, aigawanye kwa 16, ailinganishe na bei ya mishumaa dukani. Asidanganywe na maneno yetu wala ya mwenye duka. Hesabu ni hakimu asiyekula rushwa.

KWA NINI MSHUMAA HUWAKA?

Mwanachuoni Michael Faraday wa London aliwafundisha vijana habari za mshumaa mmoja tu, na masomo yake yakapigwa chapa mwaka 1861. Walimu waweza kuonyesha mambo mawili bila chombo chochote cha gharama.

La kwanza: zima mshumaa kwa upole, na moshi mweupe ungali ukipanda, sogeza kijiti chenye moto katika ule moshi, mbali kidogo na utambi. Moto utaruka kuushukia utambi. Hivyo wanafunzi watajua ya kuwa si nta ngumu inayowaka, wala si nta ya maji, bali ni mvuke wake. La pili: weka kijiko baridi katikati ya mwali. Kitatoka cheusi. Masizi yale ndiyo yanayong'aa kwa joto na kutupa mwanga wa manjano. Mwali ukikosa hewa, masizi hayaungui yote, na taa hutoa moshi. Kwa hiyo taa isiyo na matundu ya kutosha chini na juu haiwezi kuwa nzuri, hata ikipambwa namna gani.

FUNGU LA TATU: KOPO LENYE NYOTA

Tafuta kopo tupu la maziwa au la mafuta ya kupikia. Usitumie kopo la dawa ya kuulia wadudu wa pamba, hata likioshwa mara saba. Sumu hiyo haichezewi. Ondoa karatasi na rangi iliyo nje, kwa maana rangi ikipata joto hutoa harufu mbaya. Ukingo uliokatwa ulaze ndani kwa nyundo, watoto wasijikate.

Sasa pima kipande cha karatasi kinacholizunguka kopo. Kopo la upana wa sentimita 10 huzungukwa na karatasi ya sentimita 31 na nusu hivi. Ikunje mara tatu upate mafungu 8 yaliyo sawa, kila moja likiwa karibu sentimita 4. Chora nukta katika fungu moja, kisha uzihamishe katika mafungu mengine. Ndivyo nyota nane zinavyotoka sawasawa bila fundi. Watu wa kwetu hawakosi michoro: iko ya mikeka, ya vikapu na ya shanga. Yafaa kuitumia hiyo kuliko kuiga michoro ya mbali.

Funga karatasi juu ya kopo. Ndani yake penyeza gogo la mviringo linalokaza, au shindilia udongo wa mfinyanzi wenye unyevu, ili bati lisibonyee. Kisha toboa kila nukta kwa msumari na nyundo. Misumari miwili ya unene mbalimbali yatosha: mdogo kwa mistari, mkubwa kwa ncha za nyota. Toboa mstari wa matundu makubwa karibu na chini, upana wa vidole viwili kutoka kitako, ndiyo njia ya hewa kuingia. Juu paachwe wazi, moshi na joto vitoke. Ondoa gogo au udongo, osha, kausha.

Tia mchanga mkavu kitakoni, usifike kwenye matundu ya hewa, na usimamishe ndani yake kipande kifupi cha mshumaa, ambacho ncha yake iko chini ya nusu ya kopo. Mchanga hushika mshumaa, tena huzuia joto lisifike mezani. Ukitaka mpini, tumia waya mrefu wa kufungia, wala si kamba wala uzi wa plastiki.

Washa usiku uone. Nuru huenda kwa njia iliyonyoka. Jambo hili alilieleza kwa majaribio Ibn al-Haitham, mwanachuoni wa Basra, miaka 1,000 iliyopita. Kwa hiyo kila tundu hutupa doa lake ukutani, na kadiri ukuta ulivyo mbali, ndivyo nyota inavyokua. Ukuta uliopakwa chokaa au udongo mweupe huonyesha vizuri kupita wote.

Mahali pa kuweka taa hii ni chini, katika ua uliofagiwa, au juu ya jiwe, mbali na nyasi kwa hatua tano au zaidi. Isitundikwe upenuni. Isiwekwe karibu na chandarua, pazia, wala kihenge. Isiachwe bila mtu mzima. Na kando yake pawe na ndoo ya mchanga.

FUNGU LA NNE: KIBUYU CHENYE USHANGA

Watu wengine hupenda taa ya kutundika chini ya paa, wala hatuwalaumu, maana ndiyo ipendezayo zaidi. Lakini taa ya namna hiyo isiwe na moto ndani yake. Tangu Wakala wa Nishati Vijijini ulipoanza kazi mwaka 2007, nyaya za umeme zimefika katika vijiji vingi, na mahali zisipofika watu wengi wana kibao cha umeme wa jua chenye balbu ndogo. Balbu hizi za siku hizi hupata joto kidogo tu, nazo zafaa kutiwa ndani ya kibuyu.

Chukua kibuyu kilichokauka vema, ambacho mbegu zake hulia ndani. Kata tundu kitakoni, la kupitisha mkono au kijiko, ukwangue utando na mbegu. Funga kitambaa puani, maana vumbi lake ni chungu na huwasha kifua. Chora michoro kwa kalamu ya risasi, kisha toboa kwa spoku ya baiskeli iliyopashwa moto, au kwa keekee ya seremala. Matundu mengine yafanye ya kadiri ya ushanga wa kioo, uusukume ushanga mpaka ukaze. Balbu ikiwaka, ushanga mwekundu utang'aa kama kaa, na wa buluu kama nyota ya alfajiri. Ushanga huo ndio uliokuwa fedha ya njia ya misafara. Sasa umerudi kuwa pambo tu, nao haujapoteza uzuri wake.

Paka kibuyu nje kwa nta kidogo, usugue kwa kitambaa. Kitang'aa wala hakitaliwa na wadudu upesi. Waya wa umeme uwe mzima, usio na jeraha. Kazi ya kuunga nyaya za umeme mkubwa wa nyumba si ya mwanafunzi wala ya karani, aitwe fundi.

NENO JUU YA KOROBOI

Kuna watu watakaouliza kwa nini hatukueleza koroboi ya mafuta ya taa, iliyo rahisi kuliko zote. Sababu ni hii: koroboi ikianguka humwaga mafuta yanayowaka, na moshi wake huwaumiza vifua watoto wanaosoma karibu nayo. Tena wako wauzaji wanaochanganya petroli na mafuta ya taa, na mchanganyiko huo hulipuka. Mwenye shida ataitumia kwa shida yake, lakini kuifanya pambo la sherehe si busara.

MWISHO

Tunawaomba wazee wa vijiji wasione haya kuuliza, kabla ya kila arusi na kila ngoma ya usiku, taa zitawekwa wapi na nani atazilinda. Tunawaomba walimu wawape wanafunzi kazi ya kopo kwanza, kisha ya kibuyu. Na sisi tuliosoma tujifunze kusikiliza. Mama yule hakujua hesabu ya digrii, lakini aliona alipotazama. Sisi tulizijua hesabu, tukatazama tusione.

Mwaka huu mzee yule ameoza binti wa pili. Alituita tena kupamba ua, jambo ambalo hatukulitarajia. Tulipanga makopo 12 juu ya mawe katikati ya ua, na vibuyu vitatu vya balbu upenuni. Mama alizunguka akakagua moja moja, akaishika ndoo ya mchanga kwa mkono wake, kisha akasema, "Haya, mwanangu, washa."

MASWALI YA KUJIPIMA
1. Kwa nini nta huyeyushwa katika kopo lililo ndani ya maji?
2. Nta ikishika moto, utafanya nini, na kwa nini usitumie maji?
3. Kopo lina upana wa sentimita 14. Karatasi ya kulizunguka ni ya urefu gani, na kila fungu katika mafungu 8 ni sentimita ngapi?
4. Tia alama kila sentimita moja katika mshumaa wako, uuwashe mahali pasipo upepo. Kila alama yachukua dakika ngapi? Mshumaa wa sentimita 20 utadumu saa ngapi?
5. Tembea uani kwenu usiku wa leo. Taja mahali patatu ambapo taa ya moto haifai kuwekwa.